Dawa ya usingizi: naamka usiku napika na sijitambui, na ndoto zenyewe sizielewi

Mama Vitumbua wa Tandika

Habari zenu wapendwa. Naombeni mnisome mpaka mwisho na msinicheke, maana hapa nyumbani nimeshachekwa vya kutosha.

Usingizi ulinikimbia tangu mwaka jana. Mimi ni mtu wa vitumbua na chapati, saa kumi alfajiri lazima jiko liwe linawaka, kwa hiyo saa nne usiku napanda kitandani. Nikishapanda ndiyo basi, nasikiliza mbwa wa mtaa mzima mpaka adhana. Wiki chache zilizopita nikaenda hospitali, daktari akaniandikia zolpidem ya miligramu 10, kimoja kabla ya kulala. Usingizi ulikuja, sikatai. Nikimeza tu, hata shuka sijalivuta vizuri, nimeshazima.

Shida zimekuja wiki hizi. La kwanza ni ndoto. Niliota naanika mchele uani, kuku wakaja kuula, kila kuku ana meno ya mtu. Niliamka nguo imelowa jasho na moyo unakwenda mbio. Usiku mwingine wateja wamepanga foleni na hakuna mwenye uso. Ndoto za hivyo sasa ni kila mara, hata kabla ya dawa hii nilikuwa naziota, ila siyo kwa ukali huu.

La pili ndilo limenileta hapa. Binti yangu alisikia vyombo usiku wa manane akatoka. Akanikuta jikoni nimekanda unga, nimeshakata madonge, gesi inawaka na kikaango kikavu juu yake kinatoa moshi. Macho yangu wazi kabisa. Akaniuliza, "Mama, unafanya nini saa hizi?" Eti nikamjibu, "Nyamaza, watu wako nje wanasubiri." Akazima gesi, akanishika mkono, nikarudi kulala kama mtoto. Mimi asubuhi sikumbuki chochote! Nilibisha mpaka aliponionyesha madonge kwenye sinia.

Ni dawa au ni kitu kingine? Na niendelee nayo?

Bin Saidi

Pole sana dada. Kuku wenye meno si mambo ya hospitali hayo, wala usizunguke. Hilo ni jinamizi limekukalia. Tafuta shekhe akusomee Ayatul Kursiy, na usilale bila udhu. Dawa za vidonge zinatuliza mwili tu.

Mfamasia wa Zamu ya Usiku

Bin Saidi, kisomo hakimzuii mtu kusoma na karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa.

Mama Vitumbua, tuanze na la jikoni, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kuunguza nyumba. Mtu kuinuka, kupika, kula, hata kuwasha gari na kuendesha huku akili imelala, ni jambo linalojulikana kwa zolpidem na dawa za ukoo wake. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo hilo liwekwe kwenye kisanduku chake juu kabisa ya maelezo, baada ya taarifa za watu walioumia na wengine kufa. Na maelekezo ni kwamba ikishakutokea mara moja, dawa hiyo unaiacha, hungoji ya pili. Umesema umeitumia wiki chache na kwa dozi uliyoandikiwa, kwa hiyo usiku wa leo usimeze, na kesho umrudie aliyekuandikia. Usingizi utagoma siku mbili tatu, usishtuke. Mpaka umwone daktari, mtungi wa gesi ufungwe kabla ya kulala na funguo za mlango akae nazo binti.

Kuhusu dozi. Mwaka 2013 FDA hiyohiyo ilishusha kipimo cha wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa mwili wa mwanamke huitoa zolpidem taratibu zaidi na asubuhi nyingine bado imo kwenye damu. Wewe alfajiri unasimama mbele ya mafuta yanayochemka, kwa hiyo mwulize daktari kwa nini alianza na 10. Kuuliza si utovu wa adabu.

Sasa ndoto, na hapa siko tayari kuitupia zolpidem mzigo wote. Anayetembea usingizini huwa kwenye usingizi mzito, ndiyo maana hukumbuki hata harufu ya moshi. Ndoto yenye kisa kizima kama ya kuku huja zaidi kwenye awamu nyingine, ile ambayo macho yanachezacheza chini ya kope na misuli imelegezwa kabisa. Ndiyo ile mtu anaota anakimbia na mguu hausogei. Zolpidem inaweza kuleta ndoto mbaya pia, imeandikwa, lakini wewe mwenyewe umesema zilikuwepo kabla. Kwa hiyo nijibu: unatumia dawa gani nyingine, hata ya mafua? Na usingizi ulianza kupotea kabla ya hizo dawa au baada?

Dereva wa Tunduma

Mimi siyo mtaalamu, nasema yaliyonipata. Nilipewa diazepam kwa ajili ya mgongo uliokaza. Usiku nalala fofofo, ndoto hakuna. Tatizo lilikuwa mchana. Niko Kitonga nashuka na mzigo, utingo ananiambia "Kaka, lori la mbele limesimama," nasikia, naelewa, ila mguu unachelewa kwenda kwenye breki. Tulisimama tumeachana na lori hilo kama hatua tatu hivi. Tangu hapo gari aliendesha mwenzangu mpaka nilipomaliza dozi. Mama, mafuta ya moto na usingizi wa vidonge ni vitu vya kuogopa.

Mfamasia wa Zamu ya Usiku

Dereva, diazepam mwili huitoa polepole mno, ya juzi bado inafanya kazi leo. Ulifanya vizuri kukabidhi usukani. Na aliyeizoea muda mrefu asiikate ghafla, inaweza kumletea hata degedege.

Mama Vitumbua wa Tandika

Asante kaka mfamasia. Dawa nyingine ninayo, propranolol ya 40, nameza kila jioni kwa ajili ya kipandauso. Kichwa kimetulia kweli. Nilianza kabla ya Ramadhani ya mwaka jana, na sasa nikikumbuka vizuri, usingizi ulianza kusumbua ndani ya mfungo. Nilidhani ni daku. Na juzi nilikuwa na mafua, nilimeza Piriton.

Mfamasia wa Zamu ya Usiku

Hapo ndipo nilipokuwa natafuta. Propranolol inapenya mpaka kwenye ubongo, na ndoto za kutisha na usingizi wa mang'amung'amu ni maudhi yake ya siku nyingi. Tena dawa za kundi lake hupunguza melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba giza limeingia. Inawezekana kabisa ulipewa dawa ya pili kutibu maudhi ya dawa ya kwanza. Hilo atalithibitisha daktari, siyo mimi wa mtandaoni. Ila nakuomba sana, propranolol USIIACHE GHAFLA. Moyo unaweza kwenda mbio na presha kupanda. Beba maboksi yote mawili, uyaweke mezani mbele yake.

Mama Vitumbua wa Tandika

Wapendwa, nimetoka kumwona. Zolpidem ameiondoa palepale. Propranolol tunaipunguza kidogo kidogo, halafu atanibadilishia ya kichwa. Usingizi wa mchana nimekatazwa, na kitandani nisipande mpaka nimeanza kusinzia, nikikaa macho niinuke nikakae sebuleni taa ndogo. Usiku wa jana nimelala vipande vipande, lakini jikoni sikwenda, binti ameshuhudia. Bin Saidi, na kisomo nitafanya pia, hakuna aliyekikataza.

Kaka mfamasia, hukuniambia kuhusu Piriton.

Mfamasia wa Zamu ya Usiku

Piriton nayo inalaza. Ukiichanganya na zolpidem unazidisha uzito wa usingizi, na huo ndio mlango wa kuinuka bila kujitambua. Usiitumie kujilaza sasa hivi kisa dawa imeondolewa, najua utashawishika. Mafua yakirudi, tumia maji ya chumvi ya puani, yapo famasi.

Mama Vitumbua wa Tandika

Umejuaje nilitaka kufanya hivyo? Haya, nimeitoa ndani, nimempa jirani mwenye mafua.

Mfamasia wa Zamu ya Usiku

Mwambie jirani asiendeshe bodaboda.

Dereva wa Tunduma

😂😂