Koo la bakteria au la virusi: usaha unatosha kuamua?

Swali: Habari za kazi, wenzangu. Nimemwona mtoto wa miaka 7 mwenye homa ya nyuzi 38.6, mafindofindo yamevimba na yana usaha, lakini pia ana mafua na sauti imemkauka. Je, usaha huo unatosha kumwandikia antibiotiki?

Jibu: Hautoshi, ndugu yangu, kwa sababu adenovirusi na virusi vya Epstein-Barr navyo huacha utando kama huo. Vigezo vya Centor, yaani dalili nne zenye alama 1 kila moja, vinatazama homa inayozidi 38, kutokuwepo kwa kikohozi, tezi za mbele ya shingo zinazouma zikiguswa, na mafindofindo yenye uvimbe au usaha. Daktari McIsaac aliongeza umri kwenye vigezo hivyo, yaani alama 1 kwa wenye miaka 3 hadi 14, na kupunguza 1 kuanzia miaka 45. Alama hizo hutuonyesha nani apimwe, wala hazithibitishi streptokokasi, yaani bakteria wanaotafutwa kwenye koo. Mafua na sauti kukauka huelekeza kwenye virusi.

Jibu: Nakubaliana. Kwa kijana mwenye uchovu mwingi na tezi za nyuma ya shingo zilizovimba, papasa na bandama kabla ya kuandika amoksilini, maana akiwa na Epstein-Barr anaweza kutokwa na vipele mwili mzima. Kusubiri majibu ya kuotesha vijidudu vya kooni maabara hakumwachi mgonjwa hatarini: penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 bado huzuia homa ya rumatiki, madhara ya streptokokasi yanayoweza kuharibu moyo.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nitampima kwanza.