Naomba ushauri: chembe au mirija kwenye elektrodi ya seli ya jua ya rangi?

Habari wakuu. Niko Dodoma, natengeneza seli za jua za rangi, yaani zile ambazo rangi ndiyo inanasa mwanga na kutoa elektroni, kwa mradi wa shahada. Rangi naitoa kwenye maganda ya zabibu nyekundu za hapa hapa. Elektrodi, yaani tabaka linaloshika rangi na kupokea elektroni zake, ni titani dioksidi, chembe za nanomita 20 hivi, nimeichoma nyuzi 450 juu ya kioo kinachopitisha umeme. Volti zinapatikana, ila mkondo ni mdogo mno.

Chembe hizo zinashika rangi nyingi. Shida ni njia: elektroni inaruka chembe hadi chembe, inanaswa, inaachiwa, inanaswa tena. Ikichelewa, inachukuliwa na ayodini ya elektroliti (kimiminika kinachorudishia rangi elektroni) kabla haijafika kwenye kioo. Nikiongeza unene wa tabaka, safari nayo inarefuka.

Nawaza mirija ya nano (mirija midogo mno ya titani dioksidi hiyo hiyo) iliyosimama wima, maana inapunguza upotevu huo, lakini kuitengeneza kwa kawaida kunataka floridi, na floridi si ya kuchezea. Vijiti vya zinki oksidi vinaota kwenye maji ya nyuzi 90 tu. Hapo nahofia asidi ya zabibu itavila.

Waliowahi kujaribu, nihamie kwenye mirija, au kwanza nitibu chembe kwa titani tetrakloridi ziungane vizuri? Nitashukuru sana.