Nimeuziwa gitaa la "Olympic White ya kiwandani", kumbe limepulizwa upya

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nimenunua Stratocaster ya 1963, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, kwa mtu aliyeandika kwenye tangazo, tena kwa herufi kubwa, kwamba ni Olympic White, yaani nyeupe ya Fender, na rangi ni ya kiwandani. Kabla sijatoa hela nilimuuliza, akajibu kwa maandishi: haijaguswa. Nikamwomba afungue plastiki ya mbele anipigie picha ya chini yake, akagoma, eti skrubu za zamani zitakatika. Picha zake zote zilipigwa usiku chini ya taa ya njano, na chini ya taa hiyo kila cheupe huonekana krimu. Nikataka za mchana, karatasi nyeupe ikiwa pembeni. Hazikuja. Kilichokuja ni lilelile: "haijaguswa, nakuhakikishia". Uhakikisho huo ndio nilioulipia.

Kwa wasiofuatilia magitaa ya zamani, hili si suala la urembo. Miaka ile Fender walikuwa wakitumia rangi za magari kutoka DuPont, kampuni ya kemikali ya Marekani. Fiesta Red ilitokea kwenye magari ya Ford, Olympic White na Lake Placid Blue kwenye Cadillac. Mteja aliyezitaka badala ya Sunburst ya kawaida, ile ya njano katikati inayoishia weusi ukingoni, aliongeza 5% juu ya bei, kwa hiyo hazikutoka nyingi, na leo bei zake hazishikiki. Likipakwa upya, gitaa hilohilo thamani yake inaporomoka vibaya.

Tena rangi hizi hazibaki zilivyokuwa. Juu yake mara nyingi hupulizwa vanishi ya nitroselulosi, ambayo kwa mwanga na umri hugeuka njano. Olympic White inakuwa krimu, Lake Placid Blue inaelekea kijani, na Sonic Blue iliyozeeka kuna watu wanaiuza kama Surf Green bila hata kuangalia mara mbili. Ila chini ya plastiki, mwanga usikofika, rangi hubaki karibu na ile iliyotoka nayo kiwandani. Hapo ndipo pa kuitambua, na ndipo huyu bwana alipokataa kunionyesha.

Lilipofika nikachukua bisibisi. Chini ya plastiki: krimu. Krimu ileile ya mbele, ya nyuma na ya ubavuni, hakuna tofauti hata chembe. Yaani mtu kachanganya rangi ya kizee makusudi, akapuliza bodi nzima. Nikamulika matundu ya misumari. Enzi hizo bodi ilikuwa ikikalishwa juu ya misumari midogo wakati wa kupulizwa na kukaushwa. Misumari ikitolewa, vinabaki vitundu vyenye mbao tupu ndani. Vya kwangu vimejaa rangi mpaka chini. Nikatoa shingo. Kwenye kishimo chake, ukingoni, inachungulia Sunburst, na juu yake mikwaruzo ya msasa.

Najua atatokea wa kusema Fender wenyewe wakati mwingine walipuliza rangi nyingine juu ya Sunburst. Ni kweli, walifanya hivyo. Sasa anieleze rangi iliingiaje kwenye tundu ambalo siku ya kupulizwa lilikuwa na msumari ndani.

Nimemtumia picha zote. Jibu lake: "Bosi, nyeupe ni nyeupe, kwani gitaa halilii?" Linalia, tena vizuri sana. Sijalalamikia sauti! Ningetaka sauti peke yake ningenunua lililopakwa upya kwa bei ya lililopakwa upya, na yapo mengi mazuri. Nilipombana akabadilisha wimbo, eti na yeye aliuziwa hivyo hivyo. Kama hukujua, andika hujui. Andika "nyeupe, sijafungua ndani", mnunuzi atapima mwenyewe. Kumhakikishia mtu kitu ambacho umekataa hata kukitazama, halafu ukapokea hela yake, huo ni wizi na sina jina lingine la kuupa.

Sitaki punguzo alilonitajia jana, ni dogo mno na ni la kuninyamazisha. Nataka hela yangu yote pamoja na gharama za usafirishaji, gitaa lake atalipata kama lilivyokuja, skrubu zote zikiwa mahali pake. Nimempa hadi mwisho wa wiki. Akilipa nitaandika hapahapa kwamba amelipa. Asipolipa, ujumbe wake wote na picha zangu zinakwenda kwa mwanasheria.