MREJESHO: Ringi za sili ya pampu zilizokuwa zinaliwa na maji ya asidi
Wakuu nimerudi, ni yule niliyeuliza mbona ringi za sili ya pampu (zile za kuzuia maji yasivuje) za tangsteni kabaidi, yaani chembe ngumu sana zilizoshikanishwa kwa metali, zinaisha haraka wakati zinasifiwa kwa ugumu. Mliosema sio msuguano ila asidi inakula kobalti, ile metali inayoshika chembe hizo, mlilenga penyewe, nimeangalia kwa lenzi uso umeparara kama msasa, ukipitisha kidole kinatoka na vumbi la kijivu, yaani chembe zimekosa gundi zinadondoka zenyewe. Nimefunga zenye nikeli badala ya kobalti, huu ni mwezi wa nne tangu nizifunge na bado zinang'aa. Ila moja imemeguka ukingoni (nahisi niliikaza vibaya) na mchanga ulio kwenye maji unazichora kidogo, si mlinionya nikeli ni laini zaidi. Chujio la kuzuia mchanga ndo naliweka wiki hii. Asanteni sana aisee!