Wabaski wanataka uhuru au hawataki? Tafiti za maoni zinatuambia nini hasa

MLETA MADA:
Wakuu, kila Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania na kusini-magharibi mwa Ufaransa, wanapotajwa kuna mtu hurusha hoja ileile: "Tafiti zinaonyesha wanaotaka kujitenga na Hispania ni wachache, mada ifungwe." Mimi naomba isifungwe kwanza. Sina ugomvi na takwimu, ila nataka tujue swali liliulizwaje, na aliyeulizwa alikuwa na uhuru gani wa kujibu. (Na tafadhali, Zanzibar ina uzi wake, tusiilete huku.)

Serikali ya jimbo la Wabaski ina kitengo cha utafiti kinachotoa ripoti iitwayo Sociómetro. Kwenye suala la uhuru mhojiwa hupewa majibu matatu: nakubali, sikubali, au inategemea hali. Miaka ya karibuni wanaokubali moja kwa moja wamekuwa kama mmoja kati ya watano. Sawa. Lakini wale wa "inategemea" ni kundi kubwa, mara nyingi kubwa kuliko hao wanaokubali. Asiyetaka uhuru huwahesabu kama wapinzani, anayeutaka huwahesabu kama wake wa kesho, na wote wawili wanawasemea watu ambao hawajasema hivyo.

Ugumu zaidi uko kwenye maswali kuhusu ETA, kundi lililopigania uhuru wa Wabaski kwa silaha. Mwishoni mwa miaka ya 1970, dikteta Franco akiwa amefariki juzijuzi tu, Juan Linz, msomi wa Kihispania aliyefundisha Yale, alifanya utafiti uliowapa watu orodha wachague: wana ETA ni wazalendo, ni watu wenye ndoto za haki, wanatumiwa na wengine, ni wendawazimu, au ni wahalifu? Karibu nusu walichagua mawili ya mwanzo, na waliosema "wahalifu" walikuwa wachache mno. Miaka kumi baadaye mizani ilikuwa imeegemea upande wa pili. Je, watu walibadili mawazo, au walipata ujasiri wa kusema walichokuwa wakikiwaza siku zote? Ukiangalia asilimia peke yake huwezi kujua.

Ndiyo maana naiheshimu Euskobarometro, tafiti za maoni za Chuo Kikuu cha Wabaski, zilizoongozwa na Francisco Llera. Iliuliza pia kama mtu anaogopa kuongea siasa, yaani iliipima hofu yenyewe. Na hofu ilikuwa nyumbani kwao: Desemba 2000 bomu lilitegwa kwenye lifti ya kampasi ya chuo hicho ya Leioa, likimlenga mhadhiri Edurne Uriarte. Halikulipuka.

MCHANGIAJI:
Mkuu, umejifunga mwenyewe. Hofu hiyo ilitoka kwa nani? ETA iliua watu zaidi ya 800. Aliyeogopa kumjibu mhojaji mlangoni ni diwani wa PP, chama cha kihafidhina cha Hispania, au wa chama cha kisoshalisti, anayechungulia chini ya gari kila asubuhi kabla ya kuwasha. Miguel Ángel Blanco, diwani wa Ermua, alitekwa na ETA Julai 1997, serikali ya Hispania ikapewa saa 48 iwahamishie wafungwa wa ETA kwenye magereza ya Ubaski, kisha akapigwa risasi. Kwa hiyo kama tafiti za enzi zile zilikosea, ziliwapunja wapinga uhuru. ETA ikatangaza kuacha mapambano ya silaha Oktoba 2011, ikajivunja Mei 2018. Hofu imeondoka na wadai uhuru hawajaongezeka. Unatetea nini sasa?

MLETA MADA:
Kuhusu Ermua hatubishani, ndugu yangu. Lakini usiniambie upande wa pili walikuwa wakiongea kwa raha zao. Batasuna, chama cha wadai uhuru kilichohusishwa na ETA, kilipigwa marufuku mwaka 2003. Mtu aliyekuwa akikipigia kura, akipigiwa simu na sauti asiyoijua ikimuuliza anaunga mkono chama gani, wewe ungetegemea aseme nini? Angekata simu, au angesema hajui. Machi 2009 orodha za wagombea wa mrengo huo zilizuiwa, wakawaambia wafuasi wao watumbukize kura zisizo halali. Zikahesabiwa karibu 100,000, karibu asilimia 9 ya zote zilizopigwa. Watu hao walikuwepo, na Patxi López, msoshalisti, akawa kiongozi wa serikali ya jimbo kwenye bunge ambalo wao hawakuwa na kiti. Na kabla ya hapo, kati ya 1983 na 1987, vikosi vya siri vya GAL, vilivyowawinda wana ETA, viliua watu 27, na mkono wa serikali ya Hispania ulithibitishwa mahakamani. Wapo waliojifunza kunyamaza kutokana na hilo pia.

Kuhusu leo: ni kweli, bunduki zimenyamaza na uhuru haujapanda. Kwenye uchaguzi wa bunge la jimbo Aprili 2024, EH Bildu, muungano wa mrengo wa kushoto unaodai uhuru, walipata viti 27, sawa na PNV, chama cha kizalendo cha Wabaski chenye msimamo wa wastani, na bado huwezi kusema theluthi nzima ya wapiga kura waliowachagua EH Bildu inataka kutoka Hispania. Kampeni ile ilihusu sana nyumba na hospitali. Ndiyo sababu nakataa kuusoma uchaguzi kama kura ya maoni ya uhuru, na Sociómetro kama uchaguzi.

Kisha kuna jambo ambalo wewe hukuligusa. Sociómetro huwauliza watu wa Araba, Bizkaia na Gipuzkoa, mikoa mitatu ya jimbo la Wabaski. Jimbo jirani la Navarra halimo, wala mikoa mitatu ya upande wa Ufaransa. Mdai uhuru anaposema "Wabaski" anawataja wa sehemu zote saba. Takwimu unayonirushia ni ya sehemu tatu tu. Ukiiongeza Navarra, nadhani hoja ya uhuru itadhoofika zaidi, na hilo wenzangu wa mrengo ule hawapendi kulisikia. Mwenye takwimu za huko azilete, ila aweke na swali lilivyoulizwa neno kwa neno.