Naomba ushauri: vitafunwa kwa mtoto wa mwaka 1 na miezi 10 mwenye aleji, na juu yake anachagua chakula

MAMA FARAJA
Habari zenu wapendwa. Naomba mnisaidie mawazo, nimefika mahali sijui nimpe nini mwanangu saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Alipokuwa na miezi 11 alilishwa mchicha wa karanga kwenye shughuli ya kifamilia, kijiko kimoja tu. Haikupita robo saa midomo ikavimba, mwili ukajaa mabaka, akatapika na kifua kikaanza kupiga filimbi. Tulikimbia naye hospitali, akachomwa sindano pajani. Baadaye vipimo vilionyesha aleji ya karanga, mayai na maziwa ya ng'ombe. Kwa hiyo biskuti nyingi, keki, mtindi na maandazi ya kununua, vyote tumeviondoa nyumbani.

Shida ya pili ndiyo inayonitoa machozi. Anakula wali mkavu, ndizi mbivu na viazi vitamu, basi. Nikimwekea kitu kipya anakichukua kwa vidole viwili, anakinusa, anakigusisha kwenye ulimi, halafu ananirudishia mkononi taratibu bila hata kulia. Uzito umesimama palepale miezi miwili sasa. Mama mkwe anasema namdekeza. Tupo Dar, bajeti ni ya kawaida, kwa hiyo naomba vitu vinavyopatikana sokoni.

BI MWANATANGA
Pole sana mwanangu. Nimelea wajukuu wawili wenye aleji ya mayai, na kilichonisaidia ni vitumbua. Kitumbua cha asili hakina yai, hakina maziwa ya ng'ombe, hakina hata ngano. Loweka kikombe kimoja cha mchele usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, usage kwenye blenda pamoja na tui zito, hamira nusu kijiko cha chai na iliki kidogo. Badala ya sukari weka tende nne zilizotolewa kokwa na kulowekwa. Acha uumuke mpaka uone mapovu juu. Weka chuma cha vitumbua motoni, tone la mafuta kila shimo, moto uwe mdogo.

Kwa mtoto mimi sijazi shimo. Namimina nusu, kinatoka chembamba, kingo zimekauka kidogo na katikati laini. Wengi wanaanza na zile kingo. Akishazoea, saga boga lililochemshwa uchanganye humo. Kwake yeye ni wali uleule anaoupenda, umebadilishwa sura tu. Kama hajawahi kula nazi, mwonjeshe hiyo peke yake kwanza.

MKUU WA BUSTANI
Dada pole. Kwetu mtoto akikataliwa na maziwa ya ng'ombe anahamia ya mbuzi. Na hizo karanga mpake kidogo kidogo kwenye ulimi, mwili utazoea wenyewe.

SISTA ZAI
Kaka, naomba nikuzuie hapo, japo najua umeandika kwa nia njema. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wenye aleji ya maziwa ya ng'ombe wanadhurika na ya mbuzi vilevile. Kumwonjesha karanga nyumbani mtoto aliyewahi kubanwa kifua ni kuweka maisha yake hatarini. Kuna tiba ya kuuzoesha mwili, lakini inafanywa chini ya daktari bingwa, kiasi kikiwa kimepimwa na adrenalini, ile sindano ya dharura ya aleji kali, ipo karibu. Hilo si jambo la jikoni.

Mama Faraja, mimi ni muuguzi wa watoto. Uzito kusimama miezi miwili usiufumbie macho. Nenda na kadi yake ya kliniki wiki hii, umweleze mhudumu aleji zote tatu, uombe kuonana na afisa lishe. Kama bado ananyonya, endelea. WHO inashauri kunyonyesha mpaka miaka 2 na zaidi, na kwa umri wake inashauri milo 3 hadi 4 kwa siku, na vitafunwa mara 1 au 2 katikati. Kitafunwa kiwe chakula kidogo cha kweli. Mtoto aliyekosa maziwa na karanga amekosa mafuta mengi, hivyo mrudishie kwa njia nyingine: parachichi lililopondwa na ndizi, viazi vitamu vilivyopondwa na tui, kijiko cha mafuta ya alizeti kwenye wali.

Na kama kuna anayempa chai ya rangi, aache. Inapunguza madini ya chuma mwilini kufyonzwa na inajaza tumbo dogo.

Midomo ikivimba tena na akaanza kukohoa, kutapika au kupumua kwa shida, usikae kusubiri dawa ya mzio ya kunywa ifanye kazi. Mkimbize hospitali. Mwulize daktari wako kuhusu kuwa na adrenalini nyumbani.

BABA PACHA
Mimi nataka nizungumzie unga wa lishe, kwa sababu sisi ulitupata. Mmoja wa mapacha wangu ana aleji ya karanga. Tulinunua unga dukani, pakiti imeandikwa "lishe bora kwa mtoto" kwa herufi kubwa, na viambato vimeandikwa nyuma kwa herufi ndogo ambazo hatukuzisoma. Karanga zilikuwemo. Unga mwingi wa lishe huku kwetu una karanga na soya, tena ule wa kupima kwenye mifuko ya nailoni hauna maandishi kabisa.

Tukaamua kusaga wenyewe, tukapeleka ulezi mashineni. Kabla yetu kulikuwa na mama aliyesaga lishe yake yenye karanga. Mtoto alipokunywa uji, shingo nzima ikatoka mabaka. Tangu hapo tunanunua ulezi, tunauchagua mawe, tunauosha, tunauanika juani, tunausaga kwenye blenda ya nyumbani na kuuchekecha kwa chekecheke ambalo halijawahi kugusa karanga. Ni kazi, na blenda inapata moto, inabidi uipumzishe. Lakini nalala usingizi. Dada wa kazi na bibi yao nao tumewaonyesha jinsi ya kusoma pakiti.

Pia mihogo na viazi vya kukaanga vya mtaani tumeacha, kwa sababu hujui mafuta yale yamekaangia nini asubuhi.

MAMA SWALEHA
Salamu kutoka Mombasa. Wengine wameshasema kuhusu chakula chenyewe, mimi naomba niseme kuhusu mtoto. Dada, hivyo anavyonusa na kugusisha kwenye ulimi, sidhani ni deko. Kijiko kimoja kilimvimbisha midomo, akabebwa na watu wenye hofu, akachomwa sindano. Hawezi kusimulia, ila kinywa chake huenda kinakumbuka. Wangu alikuwa hivyohivyo baada ya kula kamba wa baharini wakamdhuru.

Nilichofanya ni kuacha kumwambia "kula". Nilikaa naye mkekani, sahani moja katikati, vile alivyovizoea ndivyo vingi, na kipya kimoja kidogo kama kucha ya kidole gumba. Mimi nakula, tunazungumza. Akikirudisha nakipokea, sikasiriki wala simbembelezi. Kuna chakula alikirudisha zaidi ya mara 10 kabla hajakimeza. Tulitoka kiazi kitamu kwenda boga, kwa sababu rangi na ulaini vinakaribiana, kisha muhogo uliochemshwa kwa tui, kisha viazi vilivyopondwa na samaki aliyechambuliwa miba na kukandwa kama kababu ndogo. Yai halihitajiki hapo, kiazi chenyewe kinashika. Mahamri nayo napika ya tui bila maziwa.

Usimpe bisi, wala karoti mbichi ngumu, wala zabibu nzima. Umri huo vinakwama kooni.

MAMA FARAJA
Jamani, asanteni sana. Mama Swaleha, nimesoma yako mara tatu, ya pili nikiwa nimempakata. Sista, chai ya rangi anapewa kwa bibi yake kila akienda, sikujua ina shida. Nina maswali mawili. Shangazi wa Mtwara ameniletea korosho, nimpe? Na kalsiamu ataipata wapi bila maziwa?

SISTA ZAI
Korosho usimpe kwanza. Ni jamii tofauti na karanga, karanga ipo upande wa maharage na kunde, lakini baadhi ya watoto wenye aleji ya karanga wana ya korosho pia. Mwulize daktari aliyempima. Ufuta nao hivyohivyo. Maharage na kunde wengi wanakula bila tabu, ila anza na kidogo, peke yake, ukae naye siku mbili tatu kabla ya kuongeza kingine kipya.

Kuhusu kalsiamu, ulezi ni rafiki yako. Unga wake mkavu una takriban miligramu 340 kwa gramu 100, ila kumbuka uji ni maji mengi na unga kidogo, kwa hiyo usiutegemee peke yake. Dagaa waliooshwa vizuri, wakakaushwa na kusagwa na mifupa yao, kijiko cha chai kwenye viazi kinasaidia sana, kama ameshaonja samaki bila tatizo. Kama hayo hayatoshi, afisa lishe atakwambia kuhusu maziwa maalumu au dawa ya nyongeza.

Watoto wengi wanaachana na aleji ya maziwa na mayai wanavyokua. Ya karanga ni mmoja tu kati ya watano hivi, kwa hiyo upande huo jipange kwa muda mrefu.

BI MWANATANGA
Na huyo mama mkwe usibishane naye. Mpelekee chuma cha vitumbua, umwambie unaomba mkono wake.

MAMA FARAJA
Narudi baada ya wiki tatu. Kliniki tulienda, afisa lishe ametupangia chakula, na jana kwenye mzani amepanda gramu 250. Kitumbua alikirudisha siku tano. Siku ya sita alitafuna kingo kuzunguka zote, akanipa katikati. Nikala mbele yake. Sasa anamaliza viwili, na parachichi anaikubali ikiwa imefichwa ndani ya ndizi. Samaki bado ananusa tu.

Bibi yake alivipika mwenyewe Jumamosi, alinipigia simu kuuliza kama iliki ina aleji. Chai ameacha kumpa.

Bi Mwanatanga, nikitoa robo ya mchele nikaweka ulezi, utaumuka?

BI MWANATANGA
Utaumuka, ila ongeza tui, ulezi unakunywa. Na uuache muda mrefu kidogo kuliko mchele mtupu.