Zafarani ni moja, wateja ni wa kila dini: nauza dawa, ibada au uchawi?

BintiMarikiti aliuliza:

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nina duka la ubani, udi na marashi karibu na Marikiti hapa Mombasa, nimelirithi kwa mamangu. Juzi mtoto wa dadangu amerudi likizo kutoka chuoni, akasimama mbele ya rafu zangu akasema, "Mama mdogo, nusu ya vitu hivi ni vya shirki, vya kumshirikisha Mungu." Kisha akayaandika kwenye kikundi cha familia, mashangazi wote wakasoma. Sikumjibu. Kusema kweli swali hilo ninalo mwenyewe tangu nianze kukaa kaunta.

Tazameni basi. Aja maalim, ataka zafarani, marashi ya mawaridi na sahani nyeupe isiyo na maua. Huyo ni wa kombe: ataandika aya kwa zafarani, azioshe kwa marashi, mgonjwa anywe. Nyuma yake amesimama mganga wa Kidigo kutoka ng'ambo ya Likoni. Marashi ni yale yale, chupa ni ile ile, ila huyu akitoka kwangu aenda duka la nguo kutafuta bafta nyeupe, bandera nyekundu na kaniki nyeusi, kwa kuwa kila pepo ana rangi yake. Hapo hapo yuko kijana wa kanisani aliyetumwa ubani wa chetezo cha Jumapili, na huyo ndiye mchaguzi kuliko wote. Ukimpa wa vumbi aurudisha. Jirani yangu Mhindu hanunui kwangu, lakini Jumamosi hutundika ndimu moja na pilipili saba mlangoni pa duka lake. Aliniambia Lakshmi, mungu wao wa kike wa mali, ana dada yake wa balaa apendaye vichachu na vikali. Akivikuta nje, hushiba huko huko, haingii ndani.

Nami Alhamisi magharibi hufukiza duka zima, kama alivyofanya mamangu.

Sasa mpaka uko wapi? Uko kwenye kitu, kwenye maneno, au kwenye nia ya mtu? Maana nikianza kukataa wateja, sijui nianze na yupi.

MaalimKuze:

Waaleikum salaam dada. Mpaka ni yule unayemuomba. Sahaba alimsomea Fatiha mtu aliyeumwa na nge, akapona, wakapewa kondoo, na Mtume (s.a.w.) akaridhia. Hiyo ni ruqya, yaani kisomo cha kumponya mgonjwa, haina ubishi. Kombe wanazuoni wamekhitalifiana: Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa kale, aliliruhusu, wako wanaolikataa. Hirizi mzozo wake ni mkubwa zaidi. Lakini kuku wa kuchinjiwa pepo, hapo ni haramu, hakuna khitilafu hata kidogo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliwaonya watu wa mji huu kuhusu bidaa, mambo yaliyozushwa katika dini, tangu miaka ya 1930, gazeti lake la Al-Islah likisomwa hapa hapa. Muuzie maalim, mganga mwache aende zake.

Katekista_Changamwe:

Maalim, kwa heshima zote, si rahisi hivyo. Hilo kombe lenu hata sisi tunalo kwenye Biblia. Fungua Hesabu sura ya 5: mume akimshuku mkewe, kuhani anaandika laana kitabuni, anazifuta katika maji ya uchungu, mwanamke anayanywa. Maandishi yaliyooshwa yakanywewa! Na aliyeagiza ni Mungu mwenyewe, si mganga.

Tena iko habari ya nyoka wa shaba. Musa aliambiwa amtengeneze, aliyeumwa na nyoka akimtazama anapona. Miaka mingi baadaye mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba (2 Wafalme 18:4). Nyoka ni yule yule, shaba ni ile ile. Kwa hiyo dada, kitu kinaweza kuanza kikiwa halali kikaishia pabaya bila hata kuhama mahali. Hii naisema nikiwatazama waumini wangu mwenyewe, ambao siku hizi chupa ya mafuta ya upako wanaijua kuliko Baba Yetu.

MwanaTudor:

Mnazungumza kama wanazuoni, acheni mjukuu wa mvuvi aseme. Babu yangu akivua ndani ya hori, hapa Tudor, hakuwa na shughuli: kimia, kasia, basi. Lakini akitoka nje ya mwamba kuelekea bahari kuu, chombo kilifukizwa, dua ikasomwa, na hirizi ilikuwa mlingotini. Nilipofika chuo nikasoma kuhusu Malinowski, Mpolandi aliyekaa visiwa vya Trobriand, huko Papua New Guinea, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliyaona hayo hayo: wavuvi wa ndani ya wangwa hawana uganga, wa bahari kuu wana uganga mwingi. Penye hatari na bahati, mtu hutafuta pa kushika.

Wamisri wa kale nao walikuwa na mawe yenye sanamu ya mungu wao Horus yaliyojaa maandishi. Waliyamwagia maji, wakayakinga, akanywa aliyeumwa na nge au nyoka. Ethiopia watumishi wa kanisa la Kikristo waliandika sala kwenye ngozi ndefu sawa na kimo cha mgonjwa, imlinde toka utosini hadi unyayoni. Hawa wote hawakukopa kwa Bi wetu wa Marikiti.

Kinachoniogopesha mimi si sahani wala hirizi. Ni kidole. Kilifi hapo jirani wazee wameuawa kwa kuambiwa ni wachawi, kosa lao mvi.

BintiMarikiti:

Ahsanteni sana. MwanaTudor, la hatari nimelielewa, ila nusu ya udi wangu waenda harusini. Bi harusi afukizwa anukie, pale hofu iko wapi? Labda ya mama mkwe.

Mimi miaka hii yote nimekuwa nikitazama jambo moja tu: anayelengwa yuajua au hajui? Wa kombe hunywa mwenyewe. Mwenye pepo hukaa mwenyewe kwenye kiti mbele ya ngoma, jamaa zake wamemzunguka. Hilo Maalim asiniombe nimfukuze mtu kwa ajili yake, kuku ahukumiwe na Mola wake. Lakini alikuja mwanamke na kanzu ya mtu ndani ya mfuko, ananong'ona, ataka nimpangie vitu vya "kumrudisha". Huyo nilimwambia duka limefungwa, na ilikuwa saa nne asubuhi. Na Katekista, yale maji ya uchungu, mwanamke kunyweshwa kwa wivu wa mume, hata angekuja kuhani mwenyewe, zafarani singemuuzia.

MaalimKuze:

Hapo kwa mwanamke wa kanzu tuko pamoja. Kwa kuku bado. Ila nikuulize la biashara: zafarani niliyonunua mwezi uliopita, si kwako, ilitoa wino mwekundu papo hapo. Ni ya kweli hiyo?

BintiMarikiti:

Si ya kweli, Maalim. Tia nyuzi chache kwenye maji baridi. Ya asili hutoa manjano polepole na uzi hubaki mwekundu. Ya kupakwa hutoka rangi mara moja, uzi ukabaki mweupe. Wengine siku hizi huandikia kombe kwa rangi ya chakula, na mgonjwa hajui. Njoo na hiyo yako tuijaribu.